Kusoma Nota kwa Gitaa: Anza na Vipande Vyepesi Kuliko Uwezo Wako

Wapiga gitaa wengi wanaojifunza kusoma nota hukwama mahali pamoja. Huchukua kipande wanachokipenda, hukifukua nota baada ya nota kwa juma zima, na ikifika Jumapili vidole vimeshakikariri. Kuanzia hapo karatasi iko mbele yao lakini hakuna anayeisoma. Macho yako kwenye shingo ya gitaa. Kipande kimejulikana, kusoma kumebaki palepale. Mwezi unaofuata huanza kingine kwa fukuafukua ileile, na mwisho wake huamua kwamba nota ni mambo ya wapiga kinanda.

Kusoma hakuletwi na kipande kigumu kimoja. Huletwa na vipande vingi vyepesi, vyepesi kuliko vile mkono wako unavyoweza kupiga leo, unavyovisoma mara chache na kuviacha kabla vidole havijavishika. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukubali, na kwa mtu ambaye tayari anapiga nyimbo nzima kwa kusikiliza, si jepesi kulikubali. Mkono wake umekwenda mbali, jicho lake bado ni la mwanafunzi wa darasa la kwanza. Lazima mkono ulisubiri jicho.

Bahati nzuri gitaa la klasiki lina hazina kubwa ya vipande vya aina hii, tena vilivyoandikwa na mabingwa wenyewe kwa ajili ya wanafunzi wao. Fernando Sor, mzaliwa wa Barcelona aliyefariki Paris mwaka 1839, alitunga masomo 25 yanayojulikana kama Op. 60, yakianza na nota moja moja na kupanda polepole. Yapo pia masomo yake ya Op. 31 na Op. 35, kila moja 24. Mtaliano Matteo Carcassi aliandika kitabu kizima cha kufundishia, Op. 59. Ferdinando Carulli aliacha vipande vyepesi vingi mno, pamoja na vingine vya magitaa mawili. Kutoka Buenos Aires kuna Julio Sagreras, ambaye kitabu chake cha masomo ya kwanza kinaanzia chini kabisa, pale ambapo mtu hajui lolote.

Kabla ya kufungua ukurasa, elewa kwa nini gitaa linasumbua msomaji kuliko kinanda. Kwenye kinanda nota moja ina kitufe kimoja. Kwenye gitaa, ile E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi unaipata pia kwenye freti ya 5 ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu, na freti ya 14 ya uzi wa nne. Nota ni ileile, alama ni ileile, mahali ni pengi. Mwanafunzi anayejaribu kujua yote kwa pamoja huchanganyikiwa. Kwa hiyo kwa miezi ya mwanzo kaa kwenye posisheni ya kwanza, yaani nyuzi zikiwa wazi pamoja na freti tatu au nne za mwanzo, ambapo kila nota ina mahali pamoja tu pa kuizoea.

Hapo zimo nota 17 zisizo na shapu wala flati, kuanzia E nene ya uzi wa sita mpaka G ya uzi wa kwanza. Si nyingi. Zishike kwa kuanzia na nyuzi wazi, kwa sababu hizo ndizo nguzo za ramani nzima. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ni E, na huandikwa kwenye nafasi ya juu kabisa ndani ya mistari mitano. Uzi wa pili, B, umekaa juu ya mstari wa katikati. Uzi wa tatu, G, uko juu ya mstari wa pili kutoka chini, ule ambao ufunguo wa G umejizungushia. Uzi wa nne, D, unaning'inia chini ya mstari wa mwisho. Kisha zinaanza zile zinazowatisha watu: uzi wa tano, A, uko kwenye kistari cha pili cha nyongeza, na uzi wa sita, E, uko chini ya kistari cha tatu. Usihesabu vistari hivyo kila mara. Zikazie macho nota hizo mbili mpaka uzitambue kwa sura, na zilizo jirani nazo zitajileta zenyewe.

Ukishazijua nyuzi wazi, jaza katikati. Uzi wa kwanza unakupa E, F na G kwenye freti 0, 1 na 3. Uzi wa pili B, C na D, freti zilezile. Uzi wa tatu una G na A tu, freti 0 na 2. Nyuzi za nne na za tano zina tatu tatu, kwenye freti 0, 2 na 3: D, E, F, halafu A, B, C. Wa sita unarudia herufi na freti za wa kwanza. Taja jina la nota kwa sauti unapoipiga. Ni kazi inayochosha, lakini ndiyo inayozuia kidole kukimbilia freti bila wewe kujua umepiga nini.

Jambo moja la kujua mapema: gitaa husikika okteva moja chini ya maandishi yake. Ndiyo maana katika machapisho mengi utaona tarakimu 8 ndogo chini ya ufunguo. Haikubadilishii chochote ukipiga peke yako, ila ukitaka kupiga pamoja na mwimbaji au filimbi utahitaji kulikumbuka.

Kama umewahi kuimba kwaya na kusoma solfa, una mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Solfa ile ya do, re, mi iliyosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, imewafundisha waimbaji wengi wa Afrika Mashariki jambo ambalo wapiga gitaa wengi hawana: kuisikia nota kichwani kabla haijatoka. Itumie. Ukurasa usio na shapu wala flati mwanzoni, na wimbo wenyewe ukatulia kwenye C, do yako ni C. Ukiwa na shapu moja na ukatulia kwenye G, do ni G, kama vile karatasi ya kwaya inavyoandika pale juu kabisa. Uimbe mstari wa kwanza wa kipande kwa solfa kabla hujagusa gitaa. Vidole vikikosea, sikio litakuambia papo hapo. Kitu ambacho solfa haikupi ni picha: kwenye mistari mitano unauona wimbo ukipanda na kushuka hata kabla hujazitaja nota zake, na msomaji mzuri huanza na umbo hilo.

Mapigo yanahitaji uangalifu zaidi ya majina. Nota iliyokosewa huponyeka. Pigo likianguka, kipande chote kinaanguka nalo. Kila unapofungua ukurasa mpya, weka gitaa pembeni. Tazama namba mbili zilizorundikwa mwanzoni, ujue kila kipimo, yaani kila kijisehemu kati ya vistari viwili vya wima, kina mapigo mangapi. Piga makofi mstari mzima huku ukihesabu, "moja na, mbili na, tatu na". Nota zenye muda mrefu zinahitaji nidhamu kuliko zile za haraka, maana mkono hupenda kukimbia wakati hauna la kufanya. Alama za kunyamaza nazo zihesabiwe kwa ukamilifu wake. Ikiwa unatumia machapisho ya zamani ya Kifaransa, jihadhari: katika baadhi yake alama ya kunyamaza pigo moja inafanana na ile ya nusu pigo iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Ukiona hesabu ya kipimo haitimii, mara nyingi tatizo liko hapo.

Sasa tufike kwenye kiini cha gitaa la klasiki, kinacholitenga na kusoma wimbo wa filimbi au fidla. Gitaa hubeba sauti mbili, wakati mwingine tatu, na zote huandikwa kwenye mistari mitano ileile. Watunzi wa kizazi cha Sor na Mauro Giuliani walizitenganisha kwa mikia: nota za wimbo zina mkia unaokwenda juu, nota za besi zina mkia unaoshuka. Kila kundi linahesabiwa peke yake, na kila kundi lazima litimize mapigo yote ya kipimo. Anayesoma kuanzia kushoto kwenda kulia bila kuangalia mikia atapiga nota zote sahihi, lakini kila nota ataikata mara inayofuata inapoingia, na kipande kitasikika kikavu.

Chukua kipimo cha kwanza cha ile Romance maarufu ya E maina isiyojulikana mtunzi wake, ambayo pengine umeshaipiga kwa kumtazama mtu mwingine. Kina mapigo matatu. Chini kabisa kuna E ya uzi wa sita, mkia wake unashuka, na pembeni yake kuna nukta inayoifanya idumu kwa mapigo yote matatu. Juu kabisa, juu ya kistari cha kwanza cha nyongeza kilicho juu ya mistari mitano, kuna B, inarudiwa mara tatu, mara moja kila pigo. Hiyo ndiyo wimbo, nayo iko freti ya 7 ya uzi wa kwanza. Katikati zinapita B na G za nyuzi wazi, wa pili na wa tatu, zikijaza kila pigo ili liwe na milio mitatu inayolingana. Kwa hiyo kipimo kina milio tisa ya vidole, lakini sikio linatakiwa kusikia mambo matatu: besi moja ndefu, wimbo wa nota tatu, na mtiririko laini kati yake. Tazama pia kwamba kipimo kina B mbili, moja juu ya mistari na nyingine kwenye mstari wa katikati. Vidole vilivyojifunza kwa kutazama havijui hilo. Jicho likishaliona, utajua ni uzi upi unapaswa kuimba na upi unapaswa kunong'ona.

Nimeitumia Romance kama mfano wa kutazama, si kama kipande cha kujifunzia kusoma. Sehemu yake ya pili inahamia E meja, yenye kubana nyuzi na kunyoosha vidole kwa namna inayomaliza akili yote. Mkono ukihangaika, jicho halisomi.

Kwa mazoezi ya sauti mbili, anza na vipande ambavyo besi zake ni nyuzi wazi, E, A na D, kwa sababu kidole gumba kitazipiga bila kuusumbua mkono wa kushoto. Soma kwanza besi peke yake mpaka mwisho, kisha wimbo peke yake, kisha ziunganishe kwa mwendo wa kobe. Zile herufi p, i, m na a utakazoziona ni vidole vya mkono wa kulia: gumba, shahada, cha kati na cha pete. Giuliani alitoa huko Vienna mwaka 1812 mazoezi 120 ya mkono wa kulia, Op. 1, yaliyojengwa juu ya kodi mbili tu, C na G7. Kwa kuwa mkono wa kushoto karibu hausogei, jicho linapata nafasi ya kuzoea sura ya kodi ikiwa imeandikwa: rundo la nota ulilokuwa ukiliona kama kichaka linakuwa C uliyoijua tangu siku ya kwanza.

Jambo hili la sauti mbili si la Ulaya peke yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, katika Katanga, akipiga "Masanga" kwa gumba na kidole cha shahada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft aliandika upigaji wa Mwenda kwa nota katika jarida la African Music. Ukishazoea mikia ya juu na ya chini, kuisikiliza rekodi ile ukiwa na kalamu mkononi ni shule kamili: utagundua ni wapi gumba linashika pigo na ni wapi shahada inalikwepa. Ila usianzie hapo. Mapigo yake yamefumwa kwa ustadi ambao utamlemea anayejifunza leo kuitofautisha A na C.

Namba nazo zina mtego wake. Namba ndogo 1 mpaka 4 kando ya nota ni vidole vya mkono wa kushoto, 0 ni uzi wazi, namba ndani ya duara ni uzi, na namba za Kirumi ni posisheni ya mkono kwenye shingo. Katika posisheni ya kwanza kidole cha 2 huangukia freti ya 2, hivyo mwanafunzi anaweza kupiga ukurasa mzima kwa kusoma namba bila kusoma nota hata moja. Ukijishtukia unafanya hivyo, nakili ukurasa bila namba. Kunakili kwa mkono, kwa kweli, ni zoezi ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye hata kama ana printa. Chora mistari yako, andika vipimo vinne kwa siku, mikia ikielekea inapopaswa. Halafu chukua wimbo wa kwaya unaoujua vizuri, wenye solfa yake, na uuhamishe kwenye mistari mitano ukiwa na C kama do. Ukiandika nota ukajua kwa nini umeiweka pale, ukiikuta mahali pengine haitakupa shida.

Tabulatura, ile ya kuonyesha namba za freti juu ya mistari sita, haina aibu. Gaspar Sanz alichapisha kitabu chake cha gitaa la Kihispania kwa tabulatura mwaka 1674. Lakini katika miezi hii ya kujifunza, chagua machapisho yasiyo nayo kabisa. Mahali ambapo zote mbili zimewekwa pamoja, jicho litaangukia namba kila mara.

Kwa siku, dakika 15 za kusoma zinatosha, zikiwa mbali na muda wa kufanyia kazi vipande unavyotaka kuvipiga mbele ya watu. Fungua ukurasa ambao hujawahi kuuona. Katika mitihani ya ABRSM, ambayo wanafunzi wa Nairobi na Dar es Salaam pia huifanya, mtahiniwa hupewa mpaka nusu dakika kuutazama wimbo mpya kabla ya kuupiga. Jizoeshe na utaratibu huohuo. Katika nusu dakika hiyo angalia shapu mwanzoni, mapigo ya kipimo, nota ya juu kabisa na ya chini kabisa, na mahali panapoonekana kubana. Chagua mwendo ambao unaweza kuumudu pale panapobana. Kisha anza, na usisimame. Ukikosa nota, iache iende. Kurudi nyuma kusahihisha ni tabia inayoua kusoma, maana inalifundisha jicho kuangalia lililopita wakati kazi yake ni kuangalia linalokuja. Macho yawe kipimo kimoja mbele ya vidole, au angalau pigo moja mbele. Usiitazame shingo ya gitaa. Freti za mwanzo ziko karibu, kidole kitazipapasa na kuzipata. Piga mara mbili, mara tatu ukitaka sana, kisha fungua ukurasa mwingine kesho.

Mpango huu unakula karatasi, kwa hiyo utahitaji vipande vingi. Kazi za Sor, Carulli, Carcassi na Giuliani hazina tena hakimiliki, na zinapatikana bure kwenye maktaba ya nota ya IMSLP. Maktaba ya Kifalme ya Denmark imeweka mtandaoni mkusanyo wa Rischel na Birket-Smith, na Stockholm kuna mkusanyo wa Boije. Yote miwili ina machapisho ya gitaa ya karne ya 19, mengi yakiwa na namba chache za vidole, kitu ambacho kwa msomaji ni faida. Ukiweza, chapisha. Kwenye simu nota huwa ndogo, na kidole cha kugeuza kurasa ndicho kilekile unachokihitaji kwenye uzi.

Tafuta pia mwenzako. Duo za Carulli mara nyingi zina gitaa moja jepesi kuliko lingine, na hakuna kinachofundisha kutosimama kama kuwa na mtu wa pili anayeendelea bila wewe. Kama uko Nairobi, Kenya Conservatoire of Music ni mahali pa kuulizia. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002. Hata mpiga fidla au mwimbaji wa kwaya yenu anafaa, mradi anasoma.

Shapu ziingize moja moja. Kaa kwenye C na A maina mpaka uchoke nazo, ndipo uende G na E maina, zenye F shapu. Hiyo F shapu itafute sehemu zake zote tatu za posisheni ya kwanza siku hiyohiyo: freti ya 2 ya uzi wa kwanza, freti ya 4 ya uzi wa nne, freti ya 2 ya uzi wa sita. Baadaye D, A na E, ambazo gitaa linazipenda kwa sababu besi zake ni nyuzi wazi. Funguo zenye flati nyingi ni chache katika vipande vyepesi vya gitaa. Utazikuta wakati wake ukifika.

Ukiyamaliza masomo ya mwanzo ya Op. 60 ya Sor na ukaweza kusoma ukurasa mpya wa ngazi hiyo bila kusimama, nenda Op. 31 na Op. 35, na sambamba nazo anza posisheni ya tano kwa vipande vya nota moja moja, kama ulivyoanza ya kwanza. "Lágrima" ya Francisco Tárrega, ambayo wengi huikimbilia kwa kuwa ni fupi, iache mpaka hapo: ina shapu nne, na tangu vipimo vya mwanzo mkono unapanda mbali na posisheni ya kwanza. Utakapoichukua, isome kwanza ukiwa huna gitaa mkononi, ukitaja nota na freti zake. Kama sehemu ya pili, ile ya E maina, inakutoka mdomoni kwa urahisi zaidi, anza kuipiga hiyo.